Sidi Mubarak Bombay, mtumwa wa zamani aliyeongoza misafara ya kukodi hadi nchi ya Waluba

KAMINA, Haut-Lomami – Mtu anayetafuta gari la safari katika mji wa Kamina ana njia mbili. Anaweza kumwendea mwenye jipu moja, jirani ao ndugu wa rafiki, wapatane bei ya siku, mafuta na chakula cha shofere. Ao anaweza kutafuta ajansi yenye mkataba, garanti na bei isiyopunguzwa. Njia ya kwanza ina feza kidogo na maneno matamu, lakini gari likizama kwenye matope ya barabara ya Kabongo, hakuna anayejua hasara ni ya nani. Njia ya pili ni ghali, tena mara nyingi ajansi yenyewe iko Lubumbashi, mbali na mahali ambapo gari linahitajiwa.

Maneno haya ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1874 msafara uliotoka Bagamoyo uliingia katika nchi ya Waluba, eneo ambalo leo ni jimbo la Haut-Lomami, ukakwama kwa miezi mingi. Njia ilikuwepo na nguvu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kutimiza patano: alikuwa amekubali kuupeleka msafara ule hadi bahari ya Atlantiki, na kila wiki alipata sababu mpya ya kukawia.

Mkuu wa watu wa msafara ule alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alipata kuuzwa utotoni, akaishi India, akarudi akiwa huru, na kwa karibu miaka 20 alifanya kazi ya kukusanya wapagazi, kusimamia askari na kutafuta mitumbwi kwa ajili ya wasafiri wa Ulaya. Majina ya Burton, Speke, Stanley na Cameron yanajulikana shuleni. Jina la mtu aliyetembea na wote wanne halitajwi sana.

Mtoto aliyechukuliwa kwa ajili ya deni

Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mahali ulipo leo mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na baba. Alipokuwa na miaka kama 12, kundi la wafanyabiashara kutoka pwani lilizunguka kijiji chao likiwa na bunduki na panga. Walidai walipwe bidhaa walizokuwa wametoa mbele kwa mkopo. Kijiji hakikuwa na cha kulipa. Wengine walikimbia, wengine walikamatwa, na mtoto huyu alikuwa kati ya waliokamatwa.

Alipelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa nguo, kisha akapelekwa Zanzibar na kutoka hapo hadi India. Huko alimtumikia bwana wake kwa miaka mingi na akajifunza Kihindustani. Majina yake yanaeleza safari hiyo: Sidi ndilo jina ambalo Waafrika waliitwa upande ule wa India, na Bombay ni mji wa India. Bwana wake alipokufa, aliachwa huru, akavuka tena bahari na kurudi Zanzibar. Hakurudi Uyao. Aliingia katika jeshi la Sultani, akapelekwa kulinda kituo cha Chogwe, karibu na mto Pangani.

Hapo ndipo Richard Burton na John Hanning Speke walipomkuta mwezi wa 2 mwaka 1857. Walipendezwa na bidii yake na tabia yake ya kutochoka. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani kidogo kwa sababu alikuwa ofisa wa jeshi la India, basi wakaweza kuongea. Ili atoke jeshini, madeni yake yalilipwa. Mtu aliyechukuliwa utotoni kwa deni la wengine aliingia katika kazi mpya kwa kulipiwa deni lake mwenyewe.

Kukodi watu kwa mabwana wao

Wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kupeleka mizigo bara isipokuwa mabega ya watu. Punda walikufa njiani, na ng’ombe hawakuvumilia mbung’o. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, mbali na mkeka, chungu na chakula chake. Msafara wenye mizigo 100 ulihitaji wapagazi 100, na juu yao askari, wapishi na viongozi wa njia.

Watu hawa walipatikana kwa njia mbalimbali. Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru waliojikodisha wenyewe. Ilikuwa kazi ya heshima kwao, na walijua bei ya kila safari. Wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao kama mtu anavyokodisha gari leo. Mabruki, rafiki ambaye Bombay alimwita ndugu, alikuwa mtumwa wa Mwarabu mmoja wa Zanzibar, naye aliingia katika safari ya Burton kwa njia hiyo.

Kundi lililoleta shida kubwa liliitwa Wana wa Ramji. Ramji alikuwa Mhindi, karani wa forodha Zanzibar, na alitoa watumwa wake kadhaa kwa Burton ili wawe askari na viongozi wa njia. Mshahara wa miezi 6 ulitolewa mbele. Msafara uliondoka pwani mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 1857, ukafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa 11. Safari ilikuwa bado mbali sana na mwisho wake, lakini miezi 6 ilikuwa karibu kuisha. Watu wale walidai kwamba mkataba wao umefika mwisho.

Hapo ndipo ilipoonekana kasoro ya kukodi kwa mtu asiyekuwepo njiani. Ramji alikuwa Zanzibar na feza yake mkononi. Burton alikuwa Kazeh na watu ambao hawakuwa wake. Na wale waliokodishwa hawakuwa na faida kubwa ya kuendelea, kwa kuwa mshahara ulihesabiwa na bwana wao. Kila upande ulikuwa na haki yake kidogo, na hapakuwa na mtu wa kuamua.

Ugomvi wa malipo uliendelea hata baada ya safari kuisha mwaka 1859. Burton alikataa kutoa malipo zaidi kwa watu waliodai, akisema hawakufanya kazi yao vizuri. Balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Christopher Rigby, alisimama upande wa waliodai na kuandikia serikali ya India. Burton alilaumiwa rasmi. Habari ile ilibaki katika masoko ya pwani: mtu anaweza kubeba mzigo hadi Tanganyika na kurudi, kisha akaambiwa hana haki ya kitu.

Jahazi la Kasenge

Mwezi wa 2 mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, ng’ambo ya pwani ya Kongo. Walitaka kulipima ziwa Tanganyika, lakini hawakuwa na chombo. Walisikia kwamba kuna jahazi moja tu lenye tanga ziwani, mali ya mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, aliyekaa kisiwa cha Kasenge karibu na pwani ya magharibi, upande wa Kongo ya leo.

Mwezi wa 3 Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi akiwa na Bombay na watu wachache ili kulikodi jahazi lile. Njiani mdudu aliingia katika sikio la Speke na kumwumiza kwa siku nyingi. Walipofika Kasenge, Sheikh Hamed aliwapokea kwa ukarimu mkubwa, akawapa nyumba na chakula, na akakubali kutoa jahazi.

Kisha maneno yakaanza kubadilika. Jahazi lipo, lakini mabaharia ni shida. Mabaharia wangepatikana, lakini mwenye chombo ana safari yake mwenyewe. Mwisho alieleza kwamba anakwenda Uruwa kununua pembe za ndovu, na wageni wasubiri miezi 3 hadi atakaporudi. Uruwa ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwapa Waluba na nchi yao. Biashara ya pembe ilikuwa na faida kubwa kuliko kodi yoyote ambayo Speke angeweza kulipa, na mwenye chombo kimoja hawezi kukitoa kwa mgeni wakati yeye mwenyewe anakihitaji.

Speke na Bombay walirudi Ujiji mikono mitupu. Burton alilazimika kupatana na Kannena, mkubwa wa Ujiji, ambaye alitoa mitumbwi 2 kwa bei kubwa sana ya nguo, shanga na waya wa shaba, tena akasafiri nayo mwenyewe. Walipiga kasia kuelekea kaskazini hadi Uvira, wakafika mwishoni mwa mwezi wa 4. Wageni walitaka kuendelea hadi mdomo wa mto Rusizi, siku chache mbele, kuona kama mto ule unaingia ziwani ao unatoka. Wenye mitumbwi walikataa kwa kuogopa adui. Kwa kuwa chombo kilikuwa chao, neno lao ndilo lililosimama. Swali la Rusizi lilibaki bila jibu la macho kwa miaka 13 mingine, hadi Livingstone na Stanley walipofika huko mwaka 1871.

Hadi mto Nile

Mwezi wa 8 mwaka 1858 Bombay alikuwa na Speke siku walipoliona ziwa Nyanza karibu na Mwanza. Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, na Bombay akapewa usimamizi wa watu huru kutoka Zanzibar. Wengi waliotoka pwani walikimbia, kama ilivyokuwa desturi ya safari ndefu: nusu ya mshahara ilitolewa mbele, na mtu aliyeona hatari alikwenda zake na nusu ile. Bombay alibaki. Alipita Karagwe, akakaa katika jumba la Mutesa wa Buganda, akaona maji ya Nile yakitoka ziwani mwezi wa 7 mwaka 1862, na akafika Gondokoro mwezi wa 2 mwaka 1863, kisha Misri.

Kazi ile haikuwa ya heshima siku zote. Siku moja Bombay alipinga amri ya kung’oa hema kwa sababu aliona haifai, na Speke akampiga ngumi mbele ya watu. Stanley, alipomwona miaka kadhaa baadaye, aliandika kwamba pengo la meno yake ya mbele lilitokana na mkono wa Speke. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali ya feza kwa safari ile. Meno hayakurudi.

Kijana wa Bagamoyo mwenye duka la wapagazi

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Zanzibar akimtafuta Livingstone. Alimwajiri Bombay kuwa mkuu wa askari, na Bombay akaleta watu wengine huru aliowajua. Lakini wapagazi zaidi ya 100 hawakuweza kupatikana kwa kuuliza mtu mmoja mmoja. Stanley alipelekwa kwa kijana Mhindi wa Bagamoyo, ambaye aliandika jina lake kama Soor Hadji Palloo. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa ndiye Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851, basi wakati ule alikuwa na miaka kama 20.

Huu ulikuwa mtindo mwingine. Sewa Haji hakuwa bwana wa wapagazi. Alikuwa mtu wa katikati: aliwajua Wanyamwezi walioshuka pwani na pembe, alijua lini wanataka kurudi kwao, alikuwa na nguo za kuwalipa, na alipata faida kwa kila mtu aliyemwandikisha. Msafiri alilipa kwake, na yeye aliwalipa wapagazi.

Stanley alilalamika sana katika kitabu chake. Aliona hesabu za nguo zimezidi, na kila siku kulikuwa na udanganyifu mpya. Hata hivyo aliendelea naye, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuleta watu wengi hivyo kwa wakati mfupi. Misafara yake 5 iliondoka Bagamoyo, wa mwisho mwezi wa 3 mwaka 1871, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa amemkuta Livingstone Ujiji. Alilipa ghali, akafika.

Mitumbwi isiyokodishwa ya Nyangwe

Mwaka 1873 ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, Verney Lovett Cameron, alitumwa kumsaidia Livingstone. Alimwajiri Bombay kuwa mkuu wa watu wake na kumwambia akusanye askari Zanzibar. Waliopatikana hawakumfurahisha, wengi walikuwa watu wa kuzungukazunguka sokoni, si wasafiri waliozoea. Cameron aliona pia kwamba Bombay hakuwa tena kijana wa siku za Speke. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, na alipenda pombe.

Safari ilianza kwa misiba. Robert Moffat, ndugu wa ukoo wa Livingstone, alikufa kwa homa kabla ya kufika mbali. Wakiwa Tabora, mwezi wa 10 mwaka 1873, habari ilifika kwamba Livingstone amekufa na watu wake wanaleta maiti yake pwani. Wazungu wenzake Cameron waligeuka kurudi, na mmoja wao, daktari Dillon, alijiua njiani akiwa katika homa kali. Cameron aliendelea na Bombay na wapagazi. Walifika Ujiji mwezi wa 2 mwaka 1874, wakalizunguka ziwa upande wa kusini kwa mashua 2, na mwezi wa 5 wakaona maji yakitoka ziwani kwa mto Lukuga, karibu na mahali ulipo leo mji wa Kalemie.

Mwezi wa 8 walifika Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, katika Maniema ya leo. Cameron alitaka mitumbwi ashuke na mto hadi baharini. Mitumbwi ilijaa sokoni kila siku ya soko, lakini wenyewe hawakutaka shanga wala nguo zake. Walitaka kulipwa kauri ao watumwa. Kauri hakuwa nazo za kutosha, na watumwa alikataa kuwatoa. Bei waliyoitaka ilikuwa watu wenyewe, na Bombay alikuwa amelipwa hivyo hivyo kule Kilwa miaka 40 nyuma.

Miaka 2 baadaye Stanley alifika Nyangwe na kutumia njia nyingine. Alipatana na Tippu Tip, aliyekuwa na mamia ya watu wenye silaha, kwa dola 5000 ili amsindikize kwa idadi ya miendo waliyoandika. Tippu Tip aliachana naye kabla ya miendo yote kumalizika, lakini kufikia hapo Stanley alikuwa amekwisha kupata mitumbwi, na mto ulimfikisha Boma mwaka 1877. Cameron hakuwa na dola wala kundi kama hilo. Tippu Tip alimshauri apite kusini, kwa Waluba.

Miezi ya kungoja Kilemba

Mwezi wa 10 mwaka 1874 msafara ulifika Kilemba, karibu na makao ya mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo. Utawala wake ulisambaa sehemu kubwa ya nchi ambayo leo inagawanywa kati ya maeneo ya Kabongo, Kamina, Malemba-Nkulu na jirani zake. Mji wa Kamina haukuwepo bado. Mfalme mwenyewe alikuwa safarini, akikusanya kodi na kushambulia waliokataa kulipa, na hakurudi hadi mwanzo wa mwaka 1875.

Katika Kilemba kulikuwa na wageni wa pande 2 za Afrika. Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka upande wa Zanzibar, aliwapokea Cameron na Bombay kwa wema na kuwapa mahali pa kukaa. Upande mwingine alikuwepo José António Alvez, mtu mweusi wa Angola aliyefanya biashara ya pembe na watumwa kutoka Bihé. Cameron alitaka kufika Atlantiki. Alvez alijua njia, alikuwa na watu wengi wenye bunduki, na alikubali kuwachukua kwa malipo yatakayotolewa pwani. Alisema angeondoka karibuni.

Hakuondoka karibuni. Cameron alitumia siku za kungoja kwa kutembelea ziwa Mohrya, linaloitwa Boya, ambako watu waliishi katika nyumba za nguzo juu ya maji. Alijaribu pia kufika ziwa Kisale, lakini hakuruhusiwa kulikaribia. Mwezi wa 2 mwaka 1875 walihama Kilemba, lakini si kwenda pwani. Mfalme Kasongo alimdai Alvez ajenge nyumba kubwa huko Totela, na msafara wote ukakaa tena kungoja ujenzi. Nyumba ilipokwisha, walimngoja mwenzake Alvez, Coimbra, aliyekwenda kutafuta watumwa. Alirudi na wanawake 52 waliofungwa kamba, baada ya vijiji vyao kuharibiwa.

Msafara uliondoka mwezi wa 6 mwaka 1875. Tangu kufika Kilemba ilikuwa imepita miezi 8. Cameron hakuwa na la kufanya: wapagazi wake walikuwa wachache na wameogopa, nguo zake zilikuwa zinakwisha, na kurudi nyuma kulikuwa mbali kama kwenda mbele. Alvez alijua yote hayo. Mteja asiye na njia nyingine hulipa kwa siku zake, hata kama bei ya feza haikuongezwa.

Kwa Bombay na watu wa Zanzibar, shida ilikuwa nzito zaidi. Wao walikuwa wamejiandikisha kwa safari ya kumsaidia Livingstone na kurudi. Sasa walikuwa wanatembea nyuma ya kamba za watumwa kuelekea bahari ambayo hakuna kati yao aliyeijua, na bila msafara wa kuwarudisha kwao. Njaa iliwapata katika milima ya Angola. Cameron, akiwa mgonjwa wa kiseyeye, alitangulia na wachache, akafika Catombela mwezi wa 11 mwaka 1875, ndipo chakula kikatumwa kwa waliobaki nyuma. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Cameron alihesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Mwezi wa 9 mwaka 1876 alikaa katika mkutano wa Brussels ulioitishwa na mfalme Leopold II, na habari zake za utajiri wa nchi hizi zilisikilizwa kwa makini na watu waliokuwa na mipango yao. Bombay na wenzake walikuwa wamekwisha kutoka Luanda kwa meli, wakizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kurudi Zanzibar.

Mwisho wa mabega

Baada ya safari ile Shirika la Jiografia la London lilimpa Bombay malipo ya uzeeni. Hakufanya tena safari ndefu kama zile. Alikufa mwezi wa 10 mwaka 1885, akiwa na miaka karibu 65, mwaka uleule ambao Leopold II alitangaza Dola Huru la Kongo. Alikuwa amefika kwa miguu Tanganyika, Nyanza, Nile, Lualaba na Atlantiki.

Biashara aliyoifanya iliendelea kubadilika. Sewa Haji alikua kuwa tajiri mkubwa wa kuandaa misafara Bagamoyo. Wazungu waliotaka wapagazi, vyakula na nguo katika miaka ya 1880 na 1890 walikwenda kwake kama mtu anavyokwenda ajansi leo. Alitoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam, na jina lake lingali kwenye jengo la hospitali ya Muhimbili. Alikufa mwaka 1897.

Kisha reli zilikuja. Upande wa Katanga, treni kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1928 njia ya kupita Kamina ilifika Ilebo kwenye mto Kasai, na katika miaka ya 1950 Kamina iliunganishwa na Kabalo. Mizigo iliyohitaji mabega 1000 iliingia katika mabehewa machache, na mji wa Kamina ulikua juu ya makutano hayo.

Lakini pale ambapo treni haifiki ao haipiti kwa wakati, watu wamerudi kwenye mapatano ya zamani: nani ana chombo, nani atalipa kikiharibika, na nani ataamua lini waondoke. Katika safari za Bombay, bwana mmoja mwenye watumwa, sheikh mmoja mwenye jahazi na mfanyabiashara mmoja mwenye msafara walikuwa na kosa moja la kufanana: chombo kilipohitajiwa na mwenyewe, mteja alisahauliwa. Mtu wa katikati kama Sewa Haji aliongeza bei, lakini aliishi kwa kazi hiyo, na wateja wa kesho walimlazimisha amalize kazi ya leo. Kwa njia zote mbili, aliyebeba mzigo ndiye aliyeandikwa mwisho kwenye karatasi ya malipo.